Nyuma ya Tailizi

Ukitaka kujua kama bafu linavuja, usianzie bafuni. Nenda chumba kinachopakana nalo, sogeza kitanda, utazame ukuta futi moja kutoka sakafuni. Rangi ikiwa imevimba kama malengelenge, na lipu ikimomonyoka ukiikwangua kwa ukucha, basi maji yanapita. Rudi bafuni sasa: mara nyingi utakuta tailizi zinang'aa, hazina hata ufa.

Hapa Misungwi tunachagua tailizi kwa siku nzima, halafu kitakachokaa chini yake tunamwachia fundi aamue kwa saruji iliyobaki. Lakini tailizi peke yake haizuii maji. Zile za kawaida za ukutani huweza kunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Za poseleni hazizidi asilimia 0.5, ila nazo zina viungo, na grauti ya saruji kwenye viungo hivyo hupitisha maji. Kazi ya kuzuia ni ya kilichoko nyuma.

Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma, na tanuri haliivishi sawasawa. Tofali za katikati huiva zikalia kama chuma ukizigonganisha. Za pembeni hutoka nusu mbichi. Chukua moja iliyobaki uani, ipime ikiwa kavu, ilaze ndani ya ndoo ya maji saa 24, kisha uipime tena. Tofali ya kilo 3 ikiongezeka zaidi ya gramu 600, ukuta wako una kiu. Si lazima uubomoe. Bandua lipu ya zamani mpaka kwenye tofali, lowanisha, kisha piga lipu mpya ya ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, unene wa milimita 12 hadi 15, na uimwagilie siku 7. Usiimalizie kwa niru. Ikwaruze ingali mbichi ili gundi ipate pa kushika. Ukuta wenye rangi ya mafuta nao udonolewe kwa tindo kwanza, maana juu ya rangi gundi haiushiki ukuta. Inashika rangi, na rangi ndiyo inayobanduka.

Kwa mchanga tumebahatika. Maji ya Ziwa Viktoria ni baridi, hivyo hatuna ile chumvi ya mchanga wa bahari inayowasumbua wajenzi wa Pwani. Adui yetu ni tope. Tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha utulie mpaka kesho. Tope lililokaa juu likifika sehemu ya kumi ya kimo cha mchanga, usiutumie bafuni.

Siku hizi naulizwa sana kuhusu bodi. Vijana wanaona video za mafundi wa Marekani wakipigilia bodi bafuni, nao wanataka kufanya hivyo hivyo. Kule nyumba nyingi zina kuta za fremu za mbao, na bila bodi hakuna pa kubandika tailizi. Wewe una tofali; lipu nzuri inakutosha. Bodi ya jasi tunayoizoea kwenye dari isikaribie bafu la kuogea. Jasi huyeyuka majini, taratibu lakini kweli, na karatasi iliyoifunika huota ukungu. Hata ile ya kijani huvumilia unyevu tu, haivumilii maji yanayomwagika kila asubuhi. Ukilazimika kuziba mabomba au kugawa chumba, tafuta bodi ya saruji yenye nyuzi. Haiozi, ila nayo hupitisha maji, kwa hiyo ipakwe dawa ya kuzuia maji kama ukuta.

Sakafuni shida kubwa ni udongo. Walio kwenye mchanga wa miteremko ya mawe wana nafuu. Walio mbugani, kwenye udongo mweusi, wanajua jinsi unavyovimba masika na kupasuka kiangazi. Jamvi lililomwagwa moja kwa moja juu yake hupasuka nao. Kama unavunja sakafu, ondoa udongo huo, shindilia moramu kwa tabaka, panga mawe, ndipo umwage zege. Kokoto ya granaiti Mwanza haina shida kupatikana. Juu yake weka saruji na mchanga wenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Mteremko utengenezwe hapa. Usitegemee gundi kuurekebisha baadaye.

Kisha dawa ya kuzuia maji. Kwa nyumba za mbugani napendelea ile ya unga unaochanganywa na kimiminika chake, kwa sababu ikikauka hunyumbuka kidogo ufa mwembamba unapojitokeza. Ipakwe mara mbili, sakafu nzima na ukutani sentimita 15, na panapoogewa ipande mpaka mita 2. Kwenye kona na kuzunguka tundu zamisha kitambaa cha nyavu ndani ya dawa mbichi. Huko ndiko mabafu mengi huanza kuvujia.

Dawa ikishakauka, ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 3, chora mstari wa penseli pale yalipofika, funga mlango. Baada ya saa 24 angalia mstari, halafu nenda chumba cha pili ukaushike ukuta kwa kiganja. Ukiwa mkavu, mwambie fundi afungue boksi la tailizi.