Prokireri Hapigiwi Kura: Basi Kura ya Magara Inafika Wapi?

(Muziki wa kipindi, kisha unapunguzwa.)

Leo tuko Magara, kando ya barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge, ziwa upande mmoja, milima upande mwingine.

Huenda una ndugu Marekani. Familia nyingi za pwani hii zinaye, maana kuanzia 2007 Marekani ilipokea maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kukaa miaka yote hiyo katika kambi za Tanzania. Ndugu huyo akiwa anaishi jimbo la Kentucky, anaweza kukuambia kwa simu jambo la kushangaza: kwao mwanasheria mkuu wa jimbo anapigiwa kura. Anazunguka akiomba kura kama mtu anayetaka ubunge. Mwaka 2019 walimchagua Daniel Cameron, na mwaka 2023 wakamchagua Russell Coleman. Majimbo 43 kati ya 50 ya Marekani yanafanya hivyo. Hata mwendesha mashtaka wa karibu, yule anayeamua kama mtu apelekwe mahakamani au la, Kentucky wanampigia kura.

Swali linakuja lenyewe: sisi wetu tulimchagua lini?

Hatukumchagua. Hapa Burundi mwendesha mashtaka, umushikirizamanza kwa Kirundi, prokireri kwa lugha ya barabarani, anateuliwa. Rais wa Jamhuri ndiye anayetia sahihi, na jina lazima likubaliwe na Seneti. Ni hivyo kwa Prokireri Mkuu wa Jamhuri, na ni hivyo pia kwa prokireri anayesimamia parke ya eneo lako. Majirani nao hawapigi kura kwa kazi hii. Tanzania, Rais anamteua Mwanasheria Mkuu. Kenya, Rais anapendekeza jina na Bunge linalikubali au kulikataa.

Lakini usiseme kura yako haimfikii kabisa. Inamfikia kwa kuzunguka. Tarehe 5 Juni 2025 ulipochagua wabunge, ulichagua pia madiwani wa komini. Tarehe 23 Julai madiwani hao ndio waliochagua maseneta, wawili kwa kila mkoa, Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja. Mikoa sasa ni 5, kwa hiyo ni maseneta 10, na Watwa 3 wanaongezwa. Watu hao 13 ndio wanaosema ndiyo au hapana jina la prokireri likiletwa mbele yao. Ni kama maji ya kijito: yanafika ziwani, ila yamepita mashamba ya watu wengi kwanza.

Je, ingekuwa bora tumchague wenyewe? Watu wakizungumza jioni wakisubiri mitumbwi, wengi husema ndiyo. Mtu uliyemchagua anakuogopa kidogo, na asipofanya kazi unamwondoa. Anayeteuliwa anamtazama aliyemteua. Hoja hiyo ina uzito, hatutaificha.

Sasa fikiria pwani yetu ilivyo. Waliokimbia 1972 walirudi wakakuta michikichi yao inavunwa na watu wengine, na baadhi ya watu hao walikuwa wamepewa ardhi ile na serikali ya wakati ule. Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa 2006 kwa ajili ya ugomvi huo, ikafanya kazi hadi muda wake ulipokwisha 2022, na bado kuna familia hazisalimiani. Mahali kama hapa, prokireri wa kupigiwa kura angetoka upande wenye watu wengi. Upande wenye watu wachache ungeingia ofisini kwake ukijua tayari hesabu. Kwa maoni ya kipindi hiki, Kentucky inaweza kuvumilia hatari hiyo kwa urahisi zaidi kuliko sisi.

Tuwaangalie sasa wale uliowachagua kwa mkono wako. Tarehe 25 Agosti 2025 ulichagua baraza la kilima chako, watu 5, na aliyepata kura nyingi kuliko wote akawa mkuu wa kilima. Hawaingii kwa jina la chama. Juu yao kuna abahuza, wazee wa usuluhishi, waliorudishwa na sheria ya Januari 2021. Hawa ndio mlango wa kwanza wa haki kwa mtu wa Magara, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo.

Chukua mfano. Familia mbili zinagombania mstari wa michikichi kwenye mpaka wa shamba. Hilo ni neno la abahuza. Wanasikiliza pande zote mbili, wanafika shambani, wanaandika walichoona. Wakishindwa kupatanisha, karatasi yao unaipeleka mahakama ya mwanzo, sentare y'intango. Ukienda mahakamani bila kupita kwao, unaweza kurudishwa nyumbani. Prokireri hayumo kabisa katika safari hiyo. Ukimpelekea mpaka wa shamba atakuambia sio kazi yake, na atakuwa anasema kweli.

Usiku mmoja, mmoja wa wale wagomvi anamkata mwenzake panga begani. Shamba ni lile lile, watu ni wale wale, lakini neno limebadilika. Hiyo ni jinai. Inakwenda polisi, na kutoka polisi inakwenda parke. Mkuu wa kilima anaweza kuita gari na kutuliza watu. Hawezi kulimaliza kwa kreti ya bia. Hata mwenye jeraha akisema amesamehe, parke inaweza kuendelea, kwa sababu mashtaka ni ya Jamhuri. Ni hivyo kwa nyavu na taa zilizoibwa ufukweni, na kwa karatasi ya ardhi iliyoghushiwa.

Na ni hivyo zaidi kwa ubakaji. Mama, ukiambiwa usubiri wazee wakae kwanza, usisubiri. Mpeleke mtoto hospitali kabla saa 72 hazijapita, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inatolewa ndani ya muda huo, na karatasi ya daktari ndiyo parke itakayoitazama. Mbuzi aliyeletwa na familia ya aliyefanya hayafuti hayo.

Basi akija mtu wakati wa kuomba kura akakuambia, "Nichague, nitamtoa mwanao kasho," ujue anauza asichokuwa nacho. Mkuu wa kilima hana kasho, na ufunguo wa kasho ya polisi hauko kwake. Anaweza kwenda kushuhudia kwamba anamjua kijana huyo na nyumba yake, na ushahidi huo una maana. Kulipwa kwa ajili ya hilo ni jambo jingine.

Kinachoweza kumsaidia mwanao ni siku. Sheria inasema polisi hawamshiki mtu zaidi ya siku 7, na prokireri anaweza kuongeza siku 7 nyingine, mara moja tu. Baada ya hapo aachiwe, au faili yake iwe imefika parke. Kwa hiyo siku ya kwanza, andika tarehe na saa aliyochukuliwa, na jina la kituo. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wa shule aandike. Muulize polisi anashtakiwa kwa kosa gani. Siku ya 8 rudi uulize kama muda umeongezwa na nani ameongeza. Faili ikifika parke inapewa namba inayoanza na herufi RMP. Omba namba hiyo, uiweke mahali ambapo mvua haiingii, maana kila utakapokwenda kuuliza habari za mwanao, wakili au karani atakuomba hiyo kwanza kabla ya kukuuliza jina.

(Muziki unapanda.)