Kabati Bila Milango

Mwalimu anayeonea haya kabati la jikoni lililochakaa asikimbilie mkopo wa chama cha ushirika. Mimi nilishika bisibisi, nikalegeza bawaba, nikaing'oa milango. Mashimo ya skrubu niliyaziba kwa puti, nikapiga msasa, kisha rangi ya mafuta, kwani masizi hufutika juu yake kwa kitambaa. Sikumwita seremala.

Wageni huuliza iwapo nimeiga Wazungu. La hasha! Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa ukutani, ambamo sahani za Kichina zilipangwa zionekane. Nalo neno rafu lina asili ya Kiarabu, ingawa wanafunzi wangu hung'ang'ania "shelfu". Unga na mchele, hata hivyo, vitieni katika mikebe yenye vifuniko. Panya hawapigi hodi.