Mtu na Chui: Visa Viwili vya Nyeri

Sote twaujua msemo wa chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Huko Nyeri, chini ya Mlima Kenya, kisa kimegeuka: kuna mtu aliyevaa ngozi ya chui. Na mji huo huo una kaburi la Mzungu aliyeandika habari za chui aliyedhaniwa kuwa mtu.

Mzungu huyo ni Jim Corbett, mwindaji mzaliwa wa Bara Hindi. Alihamia Kenya mwaka 1947, akakaa Nyeri hadi alipofariki Aprili 1955. Kitabu chake kimoja chaeleza chui wa Rudraprayag, milimani Bara Hindi, aliyeua watu 125 kwa hesabu ya serikali. Wanavijiji walishika kwamba huyo si mnyama, bali ni mtu ajigeuzaye usiku. Sadhu mmoja, yaani mtawa wa Kihindu, nusura auawe kwa dhana hiyo. Corbett alipompiga risasi chui huyo Mei 1926, alimkuta dume mzee tu. Kwa maoni yake, chanzo kilikuwa homa kuu ya 1918: maiti zilikuwa nyingi, zikatupwa mabondeni, na chui wakazoea nyama ya binadamu.

Kisa cha pili ni cha Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Tarehe 21 Oktoba 1956 alijeruhiwa na kukamatwa karibu na Nyeri, mwilini ana koti la ngozi ya chui. Waliompenda walisimulia kuwa aliweza kujigeuza asionekane na askari. Waliomchukia walimwita mnyama wa mwituni. Lakini mahakama ya Nyeri haikumhukumu jini wala chui. Ilimhukumu mtu, kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi, naye akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Kumpa mtu sifa ya mnyama si jambo geni kwetu. Sayyidna Hamza (r.a.) aliitwa Simba wa Mwenyezi Mungu kwa ushujaa wake, na hakuna aliyedhani ana makucha. Hatari huja pale sifa inapomfunika mwenyewe, tukasahau kuwa ni mja kama sisi, mwenye haki zake akiwa hai na akiwa maiti.

Kaburi la Corbett liko Nyeri, uani mwa kanisa la Mtakatifu Petro, na wageni hulizuru. Kimathi alizikwa gerezani Kamiti pasipo alama. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miaka mingi apewe mabaki ya mumewe amzike kwa heshima. Alifariki Mei 2023 bila kuyapata. Mzoga wa chui haudaiwi na mtu. Maiti ya binadamu ina wenyewe.