Matofali Kwanza, Mazungumzo Baadaye

Bujumbura iligawanyika mtaa kwa mtaa. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi kuchaguliwa kwa kura huru, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba 1993 kabla hajatimiza miezi minne madarakani. Mauaji yakaenea mikoani, kisha yakaingia mjini kwa sura nyingine. Kufikia mwaka 1995 Ngagara ilikuwa ya Watutsi na Kamenge ya Wahutu, na mitaa ambayo watu walikuwa wamechanganyika ikaendelea kumeguka. Magenge ya vijana, baadhi yakijiita Sans Échec, yalifunga barabara na kuusimamisha mji mzima. Waliokuwa wanauana mitaani wengi wao walikuwa wamekaa dawati moja miaka michache tu nyuma.

Katikati ya mpasuko huo kulikuwa na Kituo cha Vijana cha Kamenge. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Xaveri walikianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya vijana wa mitaa yote ya kaskazini mwa mji: maktaba, viwanja vya michezo, masomo ya lugha, maigizo, ngoma. Vita vilipopamba moto kiliendelea kupokea vijana wa pande zote. Mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood, ile ya Sweden ambayo wengi huiita Nobel mbadala.

Mimi kinachonivutia zaidi ya tuzo ni matofali. Wakati wa likizo vijana wa kituo walikuwa wakipiga kambi za kazi, wakifyatua matofali ya kujengea nyumba za watu waliobomolewa. Kazi yenyewe aliyekulia kijijini anaijua. Udongo unalowekwa, unakanyagwa mpaka unanata, unajazwa kwenye kalibu, unasawazishwa kwa kiganja kilicholowa maji, kisha kalibu inanyanyuliwa taratibu na tofali linabaki chini kungoja jua. Mtu mmoja haimfikishi mbali. Anayekanyaga anamngoja anayechota maji, na anayejaza kalibu akizubaa, udongo unakauka mikononi mwa wenzake. Ukifika mchana wanagombana kweli, lakini wanagombania matofali yaliyopasuka. Kwa vijana waliofundishwa kugombania kabila, huo ni ugomvi wa afadhali sana.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alichapisha kitabu kinachoitwa The Nature of Prejudice. Hoja yake ni kwamba kuwakutanisha mahasimu hakutoshi. Wanaweza kukutana kila siku sokoni na chuki ikazidi. Mkutano unapunguza chuki pale wanaokutana wanapokuwa na hadhi sawa katika shughuli hiyo, wanapotafuta kitu kimoja, wanapokipata kwa kutegemeana, na pale wenye mamlaka wanapoubariki waziwazi. Nusu karne baadaye, mwaka 2006, Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichambua kwa pamoja tafiti 515 na kukuta kwamba kwa jumla Allport alikuwa sahihi: kukutana kunapunguza chuki hata masharti yasipotimia yote, na yanapotimia kunapunguza zaidi.

Sasa rudi kwenye udongo. Hadhi ni sawa kwa sababu matope hayachagui mguu. Wanachotafuta ni kimoja, nyumba isimame kabla ya mvua. Kutegemeana kumo ndani ya kazi yenyewe, wala hakuhitaji mwezeshaji wa kukuhubiria. Sharti linaloleta shida ni hilo la nne, la wenye mamlaka, na hapa nitakuwa mkali kidogo, maana wengi wanaoandika kuhusu kazi za kujitolea hulipita mbio.

Kazi ya pamoja haipatanishi watu kwa sababu tu ni ya pamoja. Majirani wa Burundi, Rwanda, wana umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi wa eneo. Serikali ya Juvénal Habyarimana iliufanya kuwa wajibu wa wananchi katika miaka ya 1970. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, uongozi uleule wa vijiji na vitongoji uliozoea kuwatoa watu nyumbani kwenda kuchimba mitaro ndio uliowatoa kwenda kwenye vizuizi vya barabarani na kuwinda Watutsi, na wauaji waliyaita mauaji hayo kazi. Umuganda wa leo, unaofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi chini ya sheria ya mwaka 2007, umesafisha miji na kujenga madarasa, na sina sababu ya kuubeza. Ila ni kazi ya amri. Asiyekwenda anaweza kutozwa faini. Kijana anayekwenda kwa kuogopa faini anaweza kufyeka nyasi ubavuni mwa jirani yake miaka kumi bila kumjua. Kambi za Kamenge zilikuwa tofauti kwa jambo dogo lenye uzito: kijana alikwenda kwa hiari yake, tena akijua kwamba huko mtaani kwake kuna watakaomwona msaliti. Aliyelipa gharama hiyo alikuwa ameshaanza kubadilika kabla hajagusa udongo.

Kuna swali ambalo wafadhili hawapendi kuulizwa: kijana akitoka kambini, anabaki hivyo? Jibu lililonishika zaidi linatoka Iraki. Mtafiti Salma Mousa aliendesha ligi za mpira kwa Wakristo waliofukuzwa makwao na kundi la Dola ya Kiislamu. Timu nyingine, kwa bahati nasibu, ziliongezewa wachezaji Waislamu, nyingine zikabaki za Wakristo watupu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2020. Wakristo waliocheza na Waislamu walikuwa tayari zaidi kujiandikisha tena kwenye timu mchanganyiko, kumpigia kura mchezaji Mwislamu apewe zawadi ya nidhamu, na hata miezi sita baadaye bado walikuwa wakifanya mazoezi na Waislamu. Lakini walipopewa nafasi ya kwenda kula katika mgahawa wa Mosul, mji wa Waislamu wengi, au kuhudhuria sherehe ya watu mchanganyiko, tofauti ilififia. Urafiki uliota uwanjani na kwa sehemu kubwa ukabaki uwanjani. Nawaheshimu watafiti wanaotoa habari ya namna hiyo bila kuipaka sukari.

Basi wengine husema dawa ni kuzungumza: watu wakae chini, wasemane ukweli, wasameheane. Sierra Leone walilijaribu hilo kupitia Fambul Tok, mpango ulioanzishwa na John Caulker, ambapo waliotendewa na waliotenda hukutana kijijini, mbele ya moto mkubwa usiku, kila mmoja akaeleza yaliyompata au aliyoyafanya. Utafiti uliofanyika katika vijiji 200 na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba vijiji vilivyofanya hivyo vilisameheana zaidi na watu walichangia zaidi shughuli za jumuiya. Ulikuta pia kwamba watu hao hao walikuwa na sonona, wasiwasi na maumivu ya kumbukumbu zaidi kuliko wenzao wa vijiji vingine, na hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Kijiji kilipona, waliosema wakalala macho.

Ndiyo maana natetea mpangilio wa Kamenge: kazi itangulie, mazungumzo yafuate. Sisemi mazungumzo yaachwe. Anayekwenda kutonesha kidonda cha mwenzake awe ameshamjua kwa jina, ameshakula naye, na kesho yake kuwe na mahali pa kukutana naye tena. Jamaa, chama kilichoanzishwa na vijana wa Bujumbura katika miaka hiyohiyo ya vita, kiliwakusanya waliokuwa kwenye magenge ya pande zote mbili, na mpira wa miguu ukawa sehemu kubwa ya shughuli zake. Baadaye kikashiriki kutoa kitabu cha katuni kinachoonyesha jinsi wanasiasa wanavyowanunua vijana na kuwatupa.

Mfano wa kina zaidi, na wa uchungu zaidi, ni seminari ndogo ya Buta, huko Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliwavamia wanafunzi bwenini na kuwaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Kwa ushuhuda wa walionusurika, walikataa. Waliuawa 40. Hadithi hii husimuliwa kama muujiza wa asubuhi moja, na Kanisa limeshafungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri. Kinachosahaulika ni miaka mitatu na nusu iliyotangulia. Tangu mauaji ya 1993 gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, alikuwa akiwaacha vijana wazungumze waziwazi kuhusu yanayotokea nchini, huku wakiishi, wakisali, wakicheza ngoma na michezo pamoja bila kutenganishwa. Miaka mitatu na nusu! Nimehudhuria semina za upatanisho za siku tatu, zenye posho, chai na fulana zilizoandikwa AMANI mgongoni, na sijui mratibu yeyote ambaye angethubutu kuapa kwamba washiriki wake wangesimama namna ile.

Leo mstari wa mgawanyiko nchini Burundi hauko tu pale ulipokuwa mwaka 1993. Kuna waliokimbia mauaji ya 1972, wakakaa Tanzania zaidi ya miaka 30, wakaanza kurudi kwa wingi baada ya vita. Wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, baadhi wakiwa wamegawiwa na serikali kihalali kabisa. Watoto wao waliozaliwa Tanzania walirudi na Kiswahili kilichonyooka, Kirundi cha kusuasua na Kifaransa wasichokijua, wakaambiwa waingie darasani. Serikali na mashirika yakajenga vijiji vya kuwachanganya: waliorudi, waliokuwa wakimbizi wa ndani, na wenyeji wasio na ardhi. Mwenyeji anayemtazama kijana aliyerudi hamuulizi kabila kwanza. Anauliza amekuja kuchukua shamba la nani.

Katika vijiji kama hivyo makundi ya vijana yanaweza kufanya kazi kubwa, kuchimba mitaro ya maji, kupanda miti, kujengea wazee nyumba. Nikiombwa kutathmini mradi wa aina hiyo, picha za vijana wakitabasamu na majembe huwa naziweka kando. Naomba nionyeshwe orodha ya nyumba zitakazojengwa, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na majina ya waliokaa kuipanga. Ikiwa imepangwa ofisini, au na upande mmoja, huwa nashauri kazi isimame mpaka ipangwe upya kijijini, hata kama matofali yameshakauka.