Somalia ndani ya EAC: Mlango wa Arusha wafunguliwa, wa mpakani bado mzito

Somalia ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC, Machi 4, 2024, wafanyabiashara wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, walikuwa wamekwisha kuuziana bidhaa na Mogadishu kwa miongo mitatu bila kungoja mkataba. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, vyumba vya nyumba ya wageni ya Garissa Lodge viligeuzwa maduka, na kutoka humo biashara ikaenea mtaa mzima.

Safari ya serikali ilikuwa ndefu kuliko ya wachuuzi. Somalia iliomba uanachama mwaka 2012. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Arusha Novemba 30, 1999, kinataka mwombaji azingatie utawala bora, demokrasia na haki za binadamu, awe jirani wa wanachama na aendeshe uchumi wa soko. Wataalamu hutumwa kukagua nchi husika, kisha hufuata majadiliano, na wakuu wa nchi ndio hutoa uamuzi. Hatimaye nchi hutia saini mkataba wa kujiunga, huuridhia kwa taratibu zake na kuwasilisha hati kwa Katibu Mkuu. Somalia ilikubaliwa Novemba 24, 2023, na Rais Hassan Sheikh Mohamud akatia saini Entebbe Desemba 15 mwaka huo.

Vigezo hivyo havijawahi kupimwa kwa mizani moja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliomba mwaka 2019 ikakubaliwa Machi 2022, ingawa mashariki mwake kulikuwa kukiwaka moto. Sudan Kusini ilisubiri tangu 2011 hadi 2016. Sudan, nayo iliyoomba mwaka 2011, ilikataliwa, na miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba haikupakana na mwanachama yeyote. Sababu hiyo ilitoweka siku Juba ilipoingia. Ni wazi kwamba ukubwa wa soko na hesabu za kisiasa huwa na uzito ambao Kifungu cha 3 hakiutaji.

Je, Eastleigh inapata nini? Umoja wa Forodha, ulioanza mwaka 2005, huondoa ushuru kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Nguo na vifaa vya umeme vinavyotoka Dubai, Uturuki au China havinufaiki na msamaha huo hata vikivuka mpaka wa Kenya na Somalia. Watakaofaidi zaidi ni wenye viwanda na wakulima. Anachohitaji mwenye duka ni uhuru wa watu kusafiri, uliomo katika Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 1, 2010.

Hapo ndipo penye kigugumizi. Mei 2023 Kenya ilitangaza kuwa vituo vya mpakani vya Mandera, Liboi na Kiunga, vilivyofungwa zaidi ya muongo mmoja, vingefunguliwa. Julai, baada ya mashambulizi, mpango huo ukaahirishwa. Mkataba unataja shirikisho la kisiasa kuwa kilele cha Jumuiya, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walichagua muungano wa mpito kuwa hatua ya kuelekea huko. Hata hivyo, Januari 2025, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoamua kuwaondolea Waafrika sharti la idhini ya kuingia nchini, mataifa mawili yaliachwa nje kwa sababu za usalama: Libya, na Somalia iliyokwisha kuwa mwanachama mwenzake.