Maumivu Yanapopewa Umbo: Utangulizi wa Tamthilia ya Tawasifu

Katika sanaa unayoanza kujifunza leo, anayesimama jukwaani haigizi mfalme wala mhusika wa kubuni. Anaigiza maisha yake mwenyewe, na mara nyingi sehemu ile iliyomuumiza zaidi. Sanaa hii huitwa tamthilia ya tawasifu: mchezo ambao mwenye kisa ndiye anayekiigiza mbele ya hadhira. Maumivu yanayosimuliwa humo tutayaita kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloendelea kumrudia mtu hata baada ya tukio lenyewe kupita.

Tuanze na msingi. Kilio peke yake si mchezo. Anayelia msibani hachagui alie vipi, mwigizaji huchagua. Huchagua aanzie wapi, anyamaze wapi, lipi alitamke na lipi abaki nalo moyoni. Uteuzi huo ndio unaoyapa maumivu umbo. Ukilielewa hili, mengine yote yatakuwa mepesi.

Tazama kisa cha Duma Kumalo wa Afrika Kusini. Mwaka 1984, wakazi wa Sharpeville waliandamana kupinga kupandishwa kwa kodi za nyumba, na naibu meya akauawa. Kumalo alikuwa miongoni mwa watu sita waliohukumiwa kifo mwaka uliofuata. Mahakama ilitumia kanuni ya nia ya pamoja, inayomhesabu mtu kuwa muuaji hata kama haikuthibitishwa kwamba kitendo chake ndicho kilichoua. Machi 1988, zikiwa zimebaki saa zisizotimia 24 kabla ya kunyongwa, utekelezaji ulisimamishwa. Baadaye hukumu ikawa kifungo, na mwaka 1991 akaachiwa.

Mwaka 2002 Kumalo alipanda jukwaani katika mchezo uitwao He Left Quietly, alioutunga pamoja na mwongozaji Yael Farber. Yeye alisimulia, huku mwigizaji mwingine akimwigiza Duma kijana. Huenda ukauliza: kwa nini asijiigize mwenyewe mwanzo hadi mwisho? Kwa sababu msimulizi anahitaji mahali pa kusimama nje ya tukio. Nafasi hiyo kati ya aliyeteseka na anayesimulia huitwa masafa ya kisanaa. Ikikosekana, mwigizaji huweza kutumbukia upya ndani ya mateso kila usiku, na hadhira hubaki kutazama mateso badala ya kuwa shahidi.

Sasa tupande ngazi ya pili. Mchezo wa namna hii humhusu mtu mmoja, lakini haubaki naye. Katika A Woman in Waiting, mchezo wa mwaka 1999, Thembi Mtshali, naye wa Afrika Kusini, anasimulia utoto wa kumngoja mama aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani mjini. Alipokua, naye alilea watoto wa Wazungu huku mwanawe mwenyewe akiwa mbali. Humo husikii habari za Thembi tu. Unasikia namna ubaguzi wa rangi ulivyozigawa familia za Waafrika.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa, wakidhani sanaa hii ni matibabu. Kuna drama tiba, ambayo hutumia maigizo kumsaidia mtu apone, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Hiyo humlenga mgonjwa. Tamthilia ya tawasifu huwajibika pia kwa hadhira. Inaweza kumpa mwigizaji nafuu, lakini nafuu si ahadi yake.

Ngazi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: kisa ni cha nani? Mwaka 1977, jijini New York, mwigizaji Spalding Gray alishiriki kuunda Rumstick Road, mchezo kuhusu kujiua kwa mama yake. Ndani yake zilisikika sauti za ndugu zake, na hata mazungumzo ya simu na daktari wa akili aliyemtibu mama, ambaye hakujua kwamba anarekodiwa. Mchezo ulisifiwa, na ulilaumiwa pia. Jeraha lako ni lako, lakini watu waliomo kisani wana haki zao.

Basi, msomaji, ikiwa nawe unabeba kisa chako, usikiharakishe jukwaani. Kiandike kwanza. Mtafute mwongozaji unayemwamini. Waombe ridhaa wale utakaowataja. Kisha kumbuka kwamba una haki kamili ya kutosema lolote usilotaka kulisema. Mchezo hautapungukiwa kwa hilo.