Mikono Yenye Kazi, Moyo Uliotulia
Mvua za Katavi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa mgonjwa wa Shanwe, mjini Mpanda, aliyeshauriwa kupumzika, siku za ndani huwa ndefu na mawazo huwa mengi.

Wapo wanaojiliwaza kwa kuunganisha vipande vya picha. Raha hiyo hiyo imo katika ususi wa mkeka: chane za ukindu zilizotiwa rangi husukwa ukili, kisha kili hushonwa pindo kwa pindo mpaka nakshi zioane. Ukikosea, unafumua na kuanza upya. Kazi ya kujirudia namna hii huipa akili mahali pa kutua.

Hata hivyo, haichukui nafasi ya dawa. Mwenye shinikizo la damu aendelee kumeza zake. Keti penye mwanga, na kila baada ya dakika 30 inuka, unyooshe vidole na shingo.

Nawe mhudumu, umuulizapo mgonjwa kuhusu usingizi na hamu ya kula, muulize pia mikono yake hufanya nini mchana. Aliyeiacha ghafla kazi aliyoipenda huenda anaugua sonona, naye anahitaji kusikilizwa mapema.